Umeme wa mawimbi kwa vifaa vya baharini huku Kusini: tuache hesabu ya LUKU, tupige hesabu ya boti

FundiShangani (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Mtwara kuchele.

Juzi kwenye uzi wa sola mdau mmoja aliuliza: bahari yote hii inapiga mawimbi usiku na mchana, kwa nini tusiivune tukaachana na bili? Nikamwambia nitafungua uzi, maana jibu ni refu. Kwa kifupi, umeme wa mawimbi wa kupeleka majumbani, sahau. Umeme wa mawimbi kwa kifaa kilichoko baharini kwenyewe, mbali na nguzo na waya, hapo kuna biashara, ila si kila mahali. Wengi wanakosea kwa sababu wanapiga hesabu kwa bei ya LUKU, na baharini hakuna anayenunua uniti. Kinachonunuliwa kule ni kutokwenda, yaani kuokoa safari ya boti.

Mimi ni fundi wa injini za boti na sola hapa Shangani. Miaka ya nyuma nilipata kibarua kwenye mradi mmoja, jina naliacha, waliotega boya la kupimia bahari kama kilomita 30 nje. Boya lenyewe halina makuu: taa, kipima joto la maji, kipima urefu wa mawimbi na redio ya kutuma taarifa nchi kavu. Vyote pamoja vilikula wati 5, chini ya balbu ya chooni kwako. Betri zilikuwa za kutumia na kutupa, zimepigiwa hesabu ya miezi mitatu. Safari ya kwanza ya kuzibadilisha tulienda mwishoni mwa kaskazi, bahari kama sahani, tukarudi tunaimba. Ya pili ikaangukia Juni. Kusi limeshika, kila alfajiri nahodha anatazama mlango wa ghuba, anatikisa kichwa, anarudi kulala. Tulikaa siku 19. Siku tunafika, boya lilishakata kauli zamani, na zile siku za upepo mkali ambazo wenye mradi walizitaka kuliko zote hazikuandikwa.

Sasa hesabu. Wati 5 mwaka mzima ni uniti 43.8 (uniti moja ni wati-saa 1,000). Kwa LUKU ya nyumbani, shilingi 350 hivi kwa uniti, ni kama elfu 15, bei ya kuku mmoja wa kienyeji. Safari yetu moja ya boti: petroli lita 60, posho ya nahodha na mabaharia wawili, mzamiaji, kukodi boti yenyewe. Haikushuka laki 5 na nusu. Mara nne kwa mwaka ni milioni 2 na laki 2, na betri sijazigusa. Gawanya kwa uniti 43.8, uniti moja inakusimamia shilingi elfu 50.

Ukishangaa hiyo, geukia betri za tochi. Betri moja kubwa ya kawaida inabeba kama wati-saa 8. Kupata uniti moja unahitaji betri 125. Hata ukiuziwa buku mojamoja, hiyo ni shilingi 125,000 kwa uniti. Kila mmoja wetu ameshanunua umeme wa bei hiyo dukani kwa Mangi na hakulalamika, kwa sababu hakufuata uniti, alifuata mwanga mahali ambapo waya haufiki.

Jambo hilo Mjapani mmoja, Yoshio Masuda, alilielewa zamani. Alitengeneza maboya ya taa yanayojichaji kwa wimbi. Ndani ya boya kuna bomba lililo wazi kwa chini. Wimbi likipanda, maji yanasukuma hewa iliyomo, likishuka, yanaivuta, hewa hiyo inazungusha pangaboi dogo lililounganishwa na jenereta. Japani ilianza kuyatumia kwenye njia za meli mwaka 1965. Nguvu yake ni makumi ya wati tu, na hakuna aliyemuuliza Masuda mbona uniti zake ghali. Mshindani wake hakuwa mtambo wa umeme. Mshindani wake alikuwa meli ya kwenda kubadilisha betri.

Naishia hapo kwanza, njaa inauma. Leteni maswali.

Korosho Ghafi

Naweka kambi hapa. Uzi mtamu ila hauna picha, Fundi unatuonea.

Mkosoaji wa Ilala

Fundi, heshima yako, lakini unauza ndoto iliyokwisha kufa mara mbili. Profesa Stephen Salter wa Edinburgh alikuja na "bata" wake wa kuvuna mawimbi mwaka 1974, dunia ikiwa imetoka kuchapwa na bei ya mafuta. Ikashangiliwa, ikaishia kwenye makabati. Halafu mwaka 2008 wakaja Pelamis, kampuni ya Waskoti, na lile joka lao la chuma: mashine tatu za kilowati 750 kila moja pwani ya Ureno. Miezi michache zikavutwa kurudi bandarini, na mwaka 2014 kampuni ikawekwa chini ya mfilisi. Kama Waskoti na bahari yao ile wameshindwa, sisi wa kusubiri pantoni ya Msangamkuu tutaanzia wapi?

FundiShangani

Mkosoaji, hiyo mifano umeileta kunimaliza lakini umenisaidia. Pelamis ilikuwa inauza uniti kwenye gridi. Huko unashindana na gesi, makaa na mapanga ya upepo yaliyosimama nchi kavu ambako fundi anafika kwa pikipiki. Lazima ushindwe. Mashine ile ile ya kuelea, ukiitoa kwenye gridi ukaipeleka mahali ambapo mshindani wake ni meli, hesabu inageuka.

Tazama waliobaki sokoni. Ocean Power Technologies wa Marekani wana boya lao, PB3, ambalo kilele chake ni kilowati 3 tu. Kutoka megawati mpaka kilowati 3! Kwenye gridi hicho ni kichekesho, ila mwaka 2018 kampuni ya mafuta ya Eni ililichukua kwa kukodi ikaliweka bahari ya Adriatic. Kwa kukodi, mkuu. Unapokodi humlipi mtu kwa uniti, unamlipa kwa muda ambao kitu kinafanya kazi bila wewe kwenda.

Na kuna wale wa Wave Glider, chombo kama ubao wa kuteleza wenye mapezi ya chuma yanayoning'inia chini. Wao hawahangaiki hata kugeuza wimbi kuwa umeme; mapezi yanatumia mpando na mshuko kusukuma chombo mbele, basi. Kimoja kiliondoka San Francisco mwishoni mwa 2011 kikafika Australia mwishoni mwa 2012, zaidi ya kilomita 16,000 bila tone la mafuta. Boeing waliinunua kampuni inayokitengeneza mwaka 2016.

Ila nisiwafiche: umeme wa vipimo vya chombo hicho unatoka kwenye paneli za sola mgongoni. Nadhani Injinia Mtanda wa Lindi atanikaba hapo.

Injinia Mtanda

Nipo, na nakukaba kweli.

Kwanza nguvu ya wimbi. Kwenye maji ya kina, chukua urefu wa wimbi kwa mita, zidisha kwa wenyewe, zidisha kwa sekunde kati ya wimbi na wimbi, halafu chukua karibu nusu. Unapata kilowati kwa kila mita ya upana wa wimbi. Mfano siku ya kusi, wimbi la mita 1.5, sekunde 8: inakuja karibu kilowati 9 kwa mita. Ni nyingi. Wimbi likishuka nusu, mita 0.75, zinabaki kilowati 2 na kidogo. Urefu umepungua mara mbili, nguvu mara nne. Na siku za matlai, bahari imelala, unakuta hata hiyo haipo. Kwa hiyo mashine ya wimbi nayo inahitaji betri, usije ukadhani umeiondoa.

Sasa jua. Tuko nyuzi 10 kusini ya ikweta, jua letu si la kubembeleza. Boya la Fundi la wati 5 linakula wati-saa 120 kwa siku. Niweke uchafu wa ndege, chumvi na paneli iliyolala bila kuelekea jua, nihesabu saa 3 tu za jua kamili: paneli ya wati 40 inatosha. Weka ya wati 100 ulale usingizi. Dukani ni laki na kidogo. Fundi, kwenye boya lile hukuhitaji Mjapani, ulihitaji paneli na betri ya kuchajiwa. Na taa siku hizi ni za LED, zinakula wati chache. Yale maboya ya taa ya wimbi yamebanwa na vitu hivyo viwili.

Ila sasa tupande. Kifaa kinachokula wati 500 mchana na usiku, mfano rada ndogo, au sonara, au chaji ya roboti ya chini ya maji. Hizo ni uniti 12 kwa siku. Kwa saa zile zile 3 unahitaji paneli za wati 4,000, mita za mraba 20. Chumba kizima cha mabati kinachoelea. Kusi la kwanza tu umepoteza bati na nguzo. Wimbi la mita 1.5 likipita kwenye boya la upana wa mita 3 lina kilowati 26. Ukivuna sehemu moja ya kumi tu una wati 2,600. Hapo ndipo wimbi linaanza kupumua. Chini ya wati 100 huku kwetu, jua linashinda bila kutoka jasho.

FundiShangani

Nimekubali kwenye boya langu. Bora ungekuwepo kipindi kile.

Nahodha wa Msimbati

Nyie wasomi mnahesabu jua na mawimbi, mmesahau kuhesabu sisi.

Kitu chochote kinachoelea baharini, samaki wanakaa chini yake. Gogo, nazi, boya, wote wanakuja: kwanza vidagaa, halafu wanaokula vidagaa, halafu jodari. Mvuvi akiona boya la kizungu limekaa peke yake hawezi kulipita. Atafunga kamba atege mshipi, na kamba ikikaza wimbi likipiga, antena inakwenda na maji. Hana nia mbaya, anatafuta kitoweo.

Wengine wana nia mbaya. Paneli ya wati 100 ni redio na taa ya nyumba nzima kisiwani. Ikikaa miezi miwili haijachukuliwa mshukuru Mungu.

Korosho Ghafi

Nahodha unaongea kama mtu aliyewahi kuona hiyo redio ikilia.

Nahodha wa Msimbati

Nimeona mengi. Sijasema ya nani.

FundiShangani

Nahodha umenipa hoja ambayo sikuwa nayo. Uharibifu wa maboya ni jambo la dunia nzima, hata yale ya utafiti wa monsuni yaliyotandazwa Bahari ya Hindi kuanzia 2004, mtandao wa RAMA, yameteswa sana na vyombo vya uvuvi. Sasa fikirini: paneli inaibiwa kwa sababu inafaa nyumbani. Mashine ya wimbi imefungwa ndani ya pipa la chuma, haiwashi kitu mpaka ipigwe na wimbi. Ukiipeleka nyumbani utaiweka wapi, bafuni? Hiyo nayo ni pesa. Kwenye hesabu ya mradi, kitu kisichoibika kina thamani.

Nahodha wa Msimbati

Ndani ya jenereta kuna shaba. Shaba inapimwa kwa kilo.

FundiShangani

Aisee.

Basi tuseme BMU ya kijiji (kikundi cha kusimamia uvuvi) ilipwe kulinda, na wavuvi waruhusiwe kuvua kuzunguka boya bila kufunga kamba. Itakuwa rahisi kuliko safari moja ya kwenda kuokota mabaki.

Binti Mwani

Samahani kaka zangu, mimi nalima mwani upande wa Naumbu. Maji yakipata joto sana mwani unaungua na kukatika, tunajua siku tumeshapata hasara. Hicho kipima joto cha wimbi kinaweza kutufaa?

Injinia Mtanda

Dada yangu, hapana, na usikubali mtu akuuzie. Shamba lako liko ndani ya miamba, maji ya kupwa na kujaa, wimbi limeshavunjika nje huko. Kipima joto kinachojiandikia chenyewe kinaishi miaka kwa betri ndogo kuliko kidole. Wakati wa bamvua maji yakitoka unakwenda kwa miguu unakisoma. Safari yako ya boti ni bure, kwa hiyo huna cha kuokoa.

Mzee wa Mikindani

Vijana nimewasoma. Nina moja la kuongeza.

Aprili 1952 tufani iliipiga Lindi, wazee wenu wanaijua. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita hapo jirani Cabo Delgado, Msumbiji, sisi Mtwara tukafunga maduka tukakaa tunasikiliza redio. Kati ya hizo mbili ni miaka 67, na katikati bahari yetu imekuwa ya kiungwana. Mashine yenu itakula chakula cha siku za kawaida, lakini lazima ijengwe kwa ajili ya siku ile moja. Atalipa nani chuma cha siku moja kwa mapato ya siku za kawaida?

FundiShangani

Shikamoo mzee. Umegusa mfupa wenyewe. Paneli ikija tufani unaweza hata kuiacha iende, ni laki na kidogo. Mashine ya wimbi gharama yake kubwa iko kwenye mwili, nanga na mnyororo, na vyote vinapimwa kwa wimbi kubwa kuliko yote. Ndiyo maana mashine za Scotland zilikuwa ghali: bahari inayolipa vizuri ndiyo inayovunja. Kwetu wimbi ni la wastani na tufani ni za nadra, kwa hiyo mapato yanapungua lakini na chuma kinapungua. Kwa kifaa kidogo naona biashara hiyo inatupendelea kidogo. Kidogo tu.

Na niseme kama fundi, kinachoua si tufani pekee. Wimbi la sekunde 8 linapiga mara 10,800 kwa siku. Kwa mwaka ni karibu mara milioni 4. Chukua bawaba ya mlango wako, ifungue na kuifunga mara milioni 4 kwenye maji ya chumvi, halafu nionyeshe kilichobaki. Kebo inayoshuka kutoka kwenye boya inakunjika kwa idadi hiyo hiyo. Halafu kuna wale wadudu wa magamba tunaowakwangua tukipandisha mashua. Wakijaa kwenye sehemu inayocheza, haichezi tena. Kwa hiyo safari ya kukwangua ipo, hata kama umeme ni wa bure. Kwenye boya langu la kilomita 30 safari mbili za kukwangua kwa mwaka zinabaki, uwe na paneli uwe na wimbi. Hapo mashine ya mamilioni haiokoi chochote juu ya kile paneli ya laki ilichokwisha kuokoa.

Mkosoaji wa Ilala

Kwa hiyo umefungua uzi kutuambia haifai. Uzi ufungwe.

FundiShangani

Subiri. Toka kilomita 30 nenda 100.

Visima vya gesi vya Mnazi Bay viko nchi kavu, waya unafika, hivyo viacheni. Nazungumzia gesi ya kina kirefu, kama Zafarani iliyogunduliwa mwaka 2012, maji ya zaidi ya mita 2,000, ile ambayo Likong'o pale Lindi inasubiriwa kujengwa mtambo wake. Kisima cha chini ya bahari kinahitaji umeme wa kufungua na kufunga koki, vipima shinikizo na mawasiliano. Kawaida vinapelekwa na kebo nene, wenyewe wanaiita kitovu kama cha mtoto, kutoka pwani mpaka kisimani. Snøhvit kule Norwei kitovu chao kina kilomita 143. Kwa visima vikubwa vingi inalipa. Kwa kisima kimoja kidogo kilichokaa pembeni, kebo pekee inaweza kula faida yote.

Hapo ndipo watu wanajaribu wimbi. Mwaka 2023 kampuni ya Mocean Energy waliweka mashine yao ya wimbi Orkney, Scotland, ikilisha betri iliyolazwa chini ya bahari, na betri ikalisha vidhibiti vya kisima na roboti ya chini ya maji. Hakuna kebo kutoka nchi kavu.

Na hesabu ya boti huko si laki 5 na nusu. Meli ya kazi za kina kirefu ni makumi ya maelfu ya dola kwa siku. Tuchukue elfu 30, siku mbili kwenda na kurudi, dola kwa shilingi 2,500: milioni 150 kwa safari. Mashine ikikuondolea safari mbili kwa mwaka, hizo ni milioni 300. Sasa hata mashine ya milioni 200 inajilipa kabla korosho za mwaka unaofuata hazijaanikwa. Mashine ni ile ile, wimbi ni lile lile, kilichobadilika ni bei ya kwenda.

Injinia Mtanda

Nakubali, kwa sharti moja: ihesabiwe nayo ikiharibika. Ikifa mara mbili kwa mwaka umerudi kwenye meli, na sasa una mashine ya kuvuta juu yake.

Mkosoaji wa Ilala

Na hiyo gesi tangu 2012 tunaizungumza. Mnunuzi wa kwanza wa mashine yako bado hajafika ofisini.

FundiShangani

Hapo sina jibu, Mkosoaji.

Ila naomba kitu kwa Nahodha. Mimi na Injinia tunataka kujaribu kidude kidogo cha wati 20, pipa na sumaku, karibu na lile boya la zamani, kwenye kusi tupu, tuone kama maandishi ya siku mbaya yatapatikana safari hii. Unatupeleka Juni kwa laki 5 na nusu?

Nahodha wa Msimbati

Machi, laki 5 na nusu. Mei, laki 7.

Juni na Julai hapo unaposema, hata milioni 2 sitoki. Pelekeni Machi mkaliache lijitegemee, nitakuja kulichukua Septemba.